Datsun 240Z: sili ya nyuma ya giaboksi ni mpya, oili bado inamwagika nikipanda kutoka Mombasa

Zedi_Ngara (Nairobi)

Habari zenu wapenzi wa magari ya zamani.

Nina Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, namba ya chesi inaanza na HS30, injini yake ile ile ya L24, giaboksi ya gia tano. Bodi imenyooshwa na kupigwa rangi, na chini gari lilipuliziwa ile lami nyeusi ya kuzuia kutu. Linatembea vizuri, gia zinaingia bila kelele. Shida yangu ni moja tu, oili ya giaboksi.

Mjini halinisumbui. Nikiliegesha usiku, asubuhi nakuta tone moja kwenye boksi ninalotandika chini, na siku nyingine hakuna hata tone. Nikishuka Mombasa pia linafika likiwa kavu kiasi. Lakini nikirudi, nikifika Nairobi mkia wote wa giaboksi umelowa, oili imerushwa na propela hadi kwenye difu, nyingine imeangukia ekzosi na harufu inaingia ndani ya gari. Safari ya mwisho nilipopima nilikuta imepungua sana, na giaboksi yenyewe haibebi hata lita mbili, kwa hiyo kila kinachopotea kinaniuma.

Nilinunua sili ya nyuma Kirinyaga Road, ile pete ya mpira ya kuzuia oili inayokaa pale propela inapoingia, na fundi akaifunga. Wiki mbili tatu za kuzunguka mjini hakukuwa na kitu. Nikaenda pwani, nikarudi, yakawa yale yale. Sasa fundi anasema tushushe giaboksi nzima tubadilishe kila sili na kila gasketi. Gharama naweza kuibeba, ila sitaki kufungua kitu kizima kwa kubahatisha. Pia nataka kulipeleka gari Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri pale Ngong Racecourse, na majaji wale wanainama hadi chini ya gari.

Naomba kujua, kabla ya kushusha giaboksi, nikague nini? Na kuna mtu ameniambia nimimine ile dawa ya chupa ya kuzuia kuvuja. Inasaidia?

Kipepeo_DSM (Dar es Salaam)

Hongera kwa gari, mkuu. Hiyo ndiyo mashine iliyowapa Herrmann na Schüller ushindi wa mbio za Safari Rally mwaka 1971, Shekhar Mehta akiwa wa pili na 240Z nyingine, kisha mwaka 1973 Mehta mwenyewe akachukua akiwa na Lofty Drews. Usiiuze.

Dawa ya chupa achana nayo. Kazi yake ni kuvimbisha mpira wa sili. Sili iliyokauka kwa uzee inaweza kutulia kwa muda, lakini yako ni mpya, na baada ya hapo hutajua tena tatizo lilikuwa nini.

Pili, hakikisha kwanza ni oili ya giaboksi kweli. Gari likitembea upepo unasukuma kila kitu kwenda nyuma, kwa hiyo mkia uliolowa unaweza kuwa umeloweshwa na kitu kilichotoka mbele kabisa. Chovya kidole unuse. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Ya injini ni nyepesi na huwa imeingia weusi. Kama ni maji maji yasiyoteleza sana na yanababua rangi, hiyo ni breki fluidi kutoka silinda ndogo ya klachi iliyofungwa ubavuni mwa belihauzi, lile kava la mbele ya giaboksi linalofunika klachi. Vitu vitatu hivyo vinatoka karibu karibu na kila kimoja kina tiba yake.

Mzee wa Spana (Kisauni, Mombasa)

Kijana wangu, umeeleza vizuri, na jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Umesema mjini shwari, kushuka Mombasa shwari, kupanda Nairobi inamwaga. Sili iliyokufa haichagui upande wa safari. Inavuja mjini, inavuja pwani, inavuja gari likiwa limeegeshwa. Inayovuja wakati wa kupanda tu, kuna kitu kinaisukuma oili kutoka ndani.

Giaboksi hiyo ina briza, kitundu cha kupumulia chenye kifuniko kidogo, juu upande wa nyuma. Ukilala chini ya gari hukioni, kimefichwa na sakafu. Kazi yake ni kuruhusu hewa itoke giaboksi inapopata moto na iingie inapopoa. Kikiziba, giaboksi inakuwa sufuria iliyofungwa kifuniko juu ya moto, na mvuke utatafuta pa kutokea.

Nikupe hesabu uone sipigi ramli. Hewa iliyofungiwa ndani ikitoka joto la nyuzi 25 hadi 90, shinikizo lake linapanda zaidi ya asilimia 20. Hiyo ni moto wa kazi tu. Halafu wewe umetoka usawa wa bahari ukapanda hadi Nairobi, karibu mita 1,700. Huko juu hewa ya nje ni nyepesi, shinikizo lake ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko hapa kwetu. Kwa hiyo ndani kunasukuma zaidi na nje kunazuia kidogo, vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukishuka kuja pwani mambo yanageuka, hewa ya nje inazidi kuwa nzito na inapunguza ule msukumo wa ndani, ndiyo maana unafika mkavu. Mdomo wa sili umetengenezwa kuzuia oili inayorushwa na gia. Haukutengenezwa kuzuia shinikizo. Ukiusukuma kutoka ndani unainuka, oili inapita, hata kama sili ilitoka dukani jana.

Na umetaja ile lami nyeusi iliyopuliziwa chini. Mimi kila gari la zamani likiletwa likiwa limepuliziwa hivyo, kitu cha kwanza ninachotafuta ni briza. Anayepulizia anaelekeza bunduki juu na hafuniki kitu. Vumbi jekundu la Voi likigandia juu ya lami hiyo, kitundu kimekwisha. Sisemi ndivyo ilivyo kwako, nasema anzia hapo, kwa sababu ni kazi ya kioo, tochi na brashi, na haikugharimu hata gasketi moja.

Fanya hivi. Pandisha gari juu ya stendi nne, jeki peke yake usiiamini hata kwa dakika moja. Lete kioo kidogo na tochi, itafute briza. Kifuniko chake kinatakiwa kuzunguka na kuchezacheza kwa kidole. Kikiwa kimeganda, loanisha kwa mafuta ya taa, sugua kwa mswaki wa zamani, subiri, rudia. Usichokonoe kwa waya kwa nguvu hadi uchafu uangukie ndani kwenye gia. Ukishalegea pulizia hewa kutoka nje kwa upole, na kabla ya kupuliza fungua plagi ya kujazia oili iliyo ubavuni, ili hewa ipate pa kutokea. Ukisikia inapumua kwenye tundu la plagi, njia iko wazi.

Kuna jaribio jingine zuri la kufanya kabla hata ya kugusa briza. Endesha gari hadi lipate moto sawasawa, simama, lipandishe kwenye stendi, fungua plagi ya kujazia taratibu huku umevaa glavu na uso umeuweka pembeni. Ikitoa pumzi, fyuu, basi giaboksi imefungiwa hewa. Hapo huhitaji tena kumuuliza mtu.

Ukishamaliza briza, safisha giaboksi yote kwa nje. Naam, yote, kuanzia belihauzi hadi mkiani. Mafuta ya taa, brashi, kisha sabuni, kausha kabisa. Halafu pakaza poda ya mtoto, ile nyeupe, kila mahali. Nenda safari fupi, kilomita ishirini hivi, rudi ulale chini na tochi. Penye kuvuja poda imegeuka kuwa tope na utaona mstari unapoanzia. Ukienda mbali sana upepo utasambaza oili na kazi yote itakuwa bure.

Mahali pa kuangalia, mbali na sili ya propela: pinioni, yaani gia ndogo ya waya wa spidomita, imefungwa kwa bolti moja ubavuni mwa mkia. Kwa nje ina oringi, pete nyembamba ya mpira, na hiyo oringi baada ya miaka hamsini inakuwa ngumu kama plastiki. Hii inadanganya mafundi wengi sana, kwa sababu iko karibu na sili ya nyuma na oili yake inateremkia pale pale. Mtu anabadilisha sili mara mbili, kumbe ni oringi ya bei ya soda. Na ukiona oili imepanda kwenye waya wa spidomita, sili ndogo ya ndani ya pinioni imechoka pia. Angalia na fimbo ya gia inapotokea nyuma ya kesi, ina sili yake ndogo. Na swichi ya taa ya rivasi, mara nyingi ni kuikaza tu baada ya kupaka silanti kwenye meno.

Sili ya mbele iko ndani ya belihauzi, nyuma ya klachi. Hiyo ndiyo pekee inayokulazimisha kushusha giaboksi. Ikivuja, utaona oili ikidondoka kutoka chini ya belihauzi, na baada ya muda klachi itaanza kuteleza. Kama kwako belihauzi ni kavu kwa chini, usishushe kitu. Fundi wako hajakosa adabu, anataka kazi iishe siku moja. Lakini giaboksi ya aluminiamu ya miaka hiyo kila inapofunguliwa kuna bolti inayokata au meno yanayolegea. Isifunguliwe ila kwa sababu.

Ukipata jibu rudi utuambie.

Zedi_Ngara (Nairobi)

Mzee wa Spana, shikamoo. Nimefanya kama ulivyoelekeza.

Nilianza na lile jaribio la plagi. Nilienda Naivasha na kurudi, kupanda kule kwa escarpment hadi Limuru giaboksi ilipata moto wa kutosha. Nilipolegeza plagi, ilitoa pumzi ndefu na oili kidogo ikatapika kabla sijaifungua yote. Fundi alikuwa amesimama pembeni, akanyamaza.

Briza niliiona kwa kioo. Kwanza sikuijua, nilidhani ni kichwa cha bolti kwa jinsi ilivyofunikwa na lami. Kifuniko hakikuzunguka kabisa. Imechukua mafuta ya taa na uvumilivu mwingi kuitoa, na chini ya lami kulikuwa na udongo mwekundu mgumu, kama ulivyosema. Sasa kifuniko kinacheza na hewa inapita.

Nikasafisha, nikapaka poda, nikazunguka hadi Kikuyu. Belihauzi kavu kabisa. Swichi ya rivasi kavu. Pinioni ya spidomita ina mstari mwembamba wa tope, nimeitoa na oringi ilivunjika mkononi vipande viwili, nimeweka mpya. Sili ya propela bado imeonyesha unyevu, kidogo sana kuliko zamani, upande wa chini tu.

Swali ni hilo la mwisho. Ni sili niliyoiharibu kwa lile shinikizo, au kuna kingine?

RiftRally (Eldoret)

Nadakia hapa kwa sababu hili la upande wa chini tu nalijua. Sili iliyoharibika kwa kawaida hulowa pande zote. Ikilowa chini tu, hasa kwenye gari lililotembea sana, shuku bushi iliyo ndani ya mkia wa giaboksi, ile inayobeba shingo ya propela. Bushi ikiliwa, shingo inashuka na kucheza, mdomo wa sili unabanwa upande mmoja na kuachwa wazi upande mwingine. Utaweka sili mpya kila mwezi.

Kupima ni rahisi. Gari kwenye stendi, gia huru, shika shingo ya propela pale inapoingia na uisukume juu na chini. Mchezo mdogo usioonekana kwa jicho ni sawa. Ukiusikia kwa mkono ukigonga, bushi imekwisha.

Ukitoa propela, kwanza piga alama kwa patasi au rangi kwenye flanji yake na ya difu ili irudi vile vile, la sivyo utaleta mtetemo ambao haukuwepo. Ile flanji ina bolti nne, na mbele propela inachomoka tu kwenye giaboksi. Kabla ya kuichomoa inua gari zaidi upande wa nyuma, au uwe tayari na mfuko wa nailoni na mpira wa kufungia mkia, la sivyo oili itakumwagikia. Halafu pitisha ukucha kwenye shingo pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, shingo imekatwa na sili za zamani. Kuna bushi nyembamba za chuma cha pua zinazovikwa juu yake, au kama sili yako haina ukingo wa nje unaweza kuizamisha milimita moja au mbili zaidi ili mdomo ukae kwenye chuma ambacho hakijaliwa. Mimi kwenye Datsun yangu ya 1600 SSS nilizamisha, na hadi leo ni kavu.

Mzee wa Spana (Kisauni, Mombasa)

Marahaba mwanangu. Na huyu wa Eldoret amesema kweli tupu, msikilize.

Naongeza kwenye kufunga sili. Upande wenye springi unaangalia ndani, kwenye oili. Mdomo uupake oili ya gia au grisi kabla, usiufunge mkavu, kwa sababu mzunguko wa kwanza mkavu unaunguza ukingo. Usiigonge sili kwa nyundo upande mmoja mmoja kama msumari. Tafuta bomba au soketi inayolingana na ukingo wa nje, uigonge iingie sawa pande zote. Nimeona sili nyingi nzuri zimeuawa pale pale mlangoni kwa kupindishwa. Na ukinunua, nenda na ile ya zamani. Vipimo vimechapwa usoni mwake, kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Mwenye duka asome hivyo, asikuangalie usoni akakisia kwa jina la gari.

Bushi ikiwa imekwisha, usiigonge ndani ya gari kwa kubahatisha. Mkia wa giaboksi unaweza kutolewa peke yake bila kugusa gia za mbele kama fundi anajua kazi yake, upelekwe kwa fundi wa mashine, bushi ya zamani isukumwe kwa presi na mpya iingie, mfereji wake wa oili ukielekea vile vile ulivyokuwa wa zamani. Mfereji ukikosewa, bushi haipati oili na inaungua mapema.

Zedi_Ngara (Nairobi)

Nimeshika shingo, inacheza. Inagonga kabisa. Ukucha pia umekwama kidogo kwenye mfereji. Kwa hiyo mkia unatoka wiki ijayo, na fundi amekubali kwamba mbele haguswi.

Wakati wa kujaza tena, niweke oili gani? Dukani wamenipa 90 ya GL-5, wamesema ndiyo bora zaidi kwa sababu namba ni kubwa.

Kipepeo_DSM (Dar es Salaam)

Irudishe, mkuu, au iweke kwenye difu. GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia, namba kubwa haimaanishi bora kwa kila kitu. Difu lako lina gia za haipoidi zinazosuguana kwa nguvu, ndilo linalohitaji GL-5. Giaboksi ina pete za sinkronaiza za shaba ya njano, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, na kemikali za kiberiti zilizojaa kwenye GL-5 nyingi zinaweza kuila shaba hiyo giaboksi ikipata moto. Tena oili hiyo inateleza mno, pete zinashindwa kushika koni, gia zinaanza kukwaruza. Tafuta 80W-90 au 75W-90 iliyoandikwa GL-4. Ile iliyoandikwa GL-4/GL-5 kwa pamoja mimi siinunui kwa gari kama lako.

Mzee wa Spana (Kisauni, Mombasa)

GL-4, nakubaliana. Na ujaze gari likiwa limelala sawa, magurudumu yote manne kwa urefu mmoja. Ukijaza limeinuliwa upande mmoja utadanganywa na kipimo, na oili iliyozidi nayo inatafuta pa kutokea. Mimina hadi ianze kuchuruzika kwenye ukingo wa chini wa tundu la plagi, acha ichuruzike hadi ikome, kisha funga. Plagi usiikaze kwa bomba refu. Kesi ni aluminiamu, ikipasuka pale hakuna sili itakayokusaidia.

Na siku zote fungua plagi ya kujazia kwanza kabla ya kufungua ya kumwagia. Ya juu ikikataa kufunguka baada ya kumwaga, gari lako haliendi popote.

Zedi_Ngara (Nairobi)

Asanteni sana wote. Bushi na sili nimeshapata, mfereji wa shingo tutazamisha sili milimita moja na nusu kama alivyoshauri RiftRally. Mkia ukirudi nitapaka poda upya na kwenda Mombasa na kurudi, kisha nitaleta picha za upande wa chini hapa kabla majaji hawajaziona.